Kasuku wa Bandari Kavu

Zamani si nyingi, reli ya Tabora ilipokuwa imekwisha kuizoea njia yake ya Mwanza, na malori ya kwenda Rusumo yakawa yanalala foleni pale Isaka yakingoja makontena, wanyama wa nchi ile nao walikuwa na bandari yao kavu, na mlango wake ulilindwa na Kasuku. Bawabu huyu aliletwa kwa treni kutoka pwani akiwa ndani ya tundu, na kwa kuwa alikulia kwenye baraza la wasemaji, alikuwa na yakini kwamba Mola alipogawa sauti alianzia ufukweni, wa bara wakaambulia makombo.

Sheria ya wanyama ilikataza ubaguzi waziwazi: asibaguliwe kiumbe kwa utaifa wake, kabila lake, mahali alipotokea, maoni yake ya siasa, rangi, dini, jinsia wala hali yake ya maisha. (Ukiona orodha hiyo imefanana na ya ibara ya 13 ya Katiba ya binadamu waliopakana nao, usiniulize mimi, kazi yangu ni kusimulia.) Kasuku aliipitia herufi kwa herufi, akafurahi kugundua kwamba koo halimo. Basi akajifunga kitambaa cheusi machoni, akatangaza: “Mimi sioni unyoya wa yeyote. Nasikiliza tu.”

Wageni walikisifu sana kile kitambaa. Kila alfajiri wanyama walijipanga, kila mmoja akasalimu na kuutaja mzigo wake, na Kasuku akiinamisha kichwa kama mtu aonjaye mchuzi. Ng'ombe alileta pamba safi, akarudishwa kwa sababu maneno yake yalikuwa mazito. Punda alijua kupima mizigo kuliko mizani yenyewe, akaambiwa akajifunze kwanza kutamka neno “mizani”. Hawakuteta. Walikumbuka bado Operesheni Kimbunga ya binadamu ya mwaka 2013, iliyovuma Kagera, Kigoma na Geita, ikawapeperusha ng'ambo ya mpaka hata waliokuwa wamezeekea huku; tangu siku zile, mwenye lafudhi ya machweo hukohoa kwanza ndipo aseme.

Kunguru, ambaye hana kazi ila kutazama, alisema kutoka juu ya nguzo ya simu kwamba wote waliorudishwa hushika njia moja, ile ya Kahama na Geita, wala hajamwona hata mmoja akielekea Tabora. Kasuku akajibu kwa upole, “Nitajuaje walikotoka, nami nimefunga macho?” Wasikilizaji wakaona amesema la maana.

Ndipo akaja Kanga kijana, aliyekuwa amejibanza miezi mingi chini ya dirisha la Kasuku akiyameza maneno yake pamoja na mapozi yake. Alisalimu kwa namna ambayo bawabu alisikia kama anajisikia mwenyewe. Akapewa ukarani siku hiyohiyo, na Kasuku akawa humwonyesha wageni: mnaona, mlango uko wazi kwa mwenye bidii! Kesho yake mama yake Kanga akafika na kikapu cha michembe, akaita kwa sauti ya nyumbani kwao, “Mwangaluka!” Kasuku akafungua kitambaa kwa mara ya kwanza. Akamtazama mama, akamtazama mwana. Kabla ya adhuhuri Kanga alikuwa nje ya lango, kikapu kichwani, na lafudhi yake ya pwani haijapungua hata chembe.

Shauri likapelekwa kwa Kobe, hakimu ambaye umri wake ulimruhusu kukumbuka mengi. Alikumbuka kwamba mwaka 1948 binadamu waliitaja lugha kwa jina lake katika Tamko lao la Haki, na kwamba mwaka 1965, walipoandika mkataba wa kufuta ubaguzi wa rangi, walitaja rangi, nasaba na asili ya taifa au kabila, lugha wakaiacha nje. Kasuku akachekelea. Kobe akamuuliza jambo moja tu: “Kati ya jana na leo, koo la Kanga limebadilika?”

“Halijabadilika.”

“Kwa hiyo umemfukuza mama yake. Na hiyo ni nasaba.”

Kisha, kama ilivyokuwa desturi ya mahakama ile, kesi iliyosikilizwa kwa lugha ya wote iliandikiwa hukumu kwa lugha ya Korongo, ndege ahamaye kutoka Ulaya. (Binadamu wa Tanzania waliibadilisha desturi hiyo kwa sheria mwaka 2021; wanyama bado wanatafakari.) Kasuku, ambaye lugha hiyo aliifahamu kwa kuivizia tu, aliishika hukumu kichwa chini miguu juu, akawasomea wenzake kwamba ameshinda. Akarudi mlangoni, akakaza kitambaa.

Makorongo walipowasili msimu uliofuata, walimwomba awasomee ile karatasi kwa sauti. Hakumaliza mstari wa kwanza. Walicheka matamshi yake mpaka mabawa yakalegea, wakaulizana ni tundu gani lililomlea. Kasuku amekwisha fungua kesi ya ubaguzi mbele ya Kobe, na shahidi wake wa kwanza aliyemwandikisha ni Kanga.