Namna ya Kupanda Mti Usio na Faida Yoyote

Umejenga Kibabi, Masisi. Bati linang'aa, maharagwe yamefika hadi mlangoni, na sasa moyo unataka maua. Si maua ya kopo: unataka mti mzima, upite paa, uwake mwekundu hadi wapita njia wasimame. Hongera. Fuata hatua hizi.

1. Hakikisha ardhi ni yako. Huku Masisi, mwenye kukodi shamba huruhusiwa maharagwe na mahindi, vitu vya msimu mmoja. Mti hapandi, kwa kuwa mti ni madai yenye mizizi. Sheria ya Kongo ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Dola. Chifu naye ana neno lake. Jirani ana babu yake aliyezikwa hapo hapo. Ukishawaridhisha wote watatu, chimba shimo. Ila usichimbe mpakani: mti wa mpakani huchanua kwa msimu, kesi yake huchanua mwaka mzima.

2. Chagua mti usiofaa kitu. Hapa ndipo wengi hukosea. Mkalitusi hutoa nguzo, hutoa makaa, tena hutoa chukudu, ile baiskeli ya mbao, ya kuyapeleka makaa hayo Goma, mji ulioisimamishia chukudu sanamu mwaka 2009. Mti huo utafika mjini kabla hujauzoea. Grevilea ina maua mazuri ya rangi ya machungwa, lakini ina mbao pia; seremala akipita huanza kuipima kwa macho. Wewe chukua kibobakasi, mti ambao waliosoma Kifaransa huuita tulipie wa Gabon. Mbao zake ni laini, hazijengi. Kuni zake huwaka kwa shida. Mchoma makaa akiukata atavuna moshi na lawama. Hauhitaji mlinzi mwingine.

3. Wahi mbegu. Ganda lake ni kama mtumbwi mdogo, na hupasuka likiwa bado juu mtini. Ndani mmepangwa mbegu bapa, nyembamba kama karatasi, kila moja imezungukwa na utando mweupe unaopitisha mwanga. Ukipiga chafya, zote zimehamia kwa jirani. Zisie kitaluni, zifunike kwa udongo kidogo tu, kisha uhamishe miche Septemba mvua zikishika. Huko Hawaii na Fiji mti huu umeota wenyewe kwa fujo hadi ukaingizwa kwenye orodha ya shirika la uhifadhi IUCN ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani. Usiogope. Huko hawajui mbuzi wa Masisi.

4. Jenga uzio kabla ya kupanda, si baada. Mbuzi hajali kwamba ni pambo. Ng'ombe hatakula sana, atajikuna tu, na mche utalala. Panda mbali na nyumba kuliko unavyopenda, maana mti huu unaweza kupita mita 20 na matawi yake huvunjika kwa upepo. Bati lako hujamaliza kulilipia.

5. Waajiri watoto. Tumba la ua hili hujaa maji. Mtoto hulikata ncha, akalibana, akamrushia mwenzake maji usoni. Watachuma, watapanda, watapiga kelele. Waache. Mti unaochezewa na watoto wa kijiji kizima una mashahidi wengi siku mtu akija na panga.

6. Subiri. Pakiwa pazuri, maua huja baada ya miaka mitatu au minne. Kwenye baridi ya milimani ongeza subira. Hili ndilo gumu kuliko yote. Vita vya huku vimetufundisha kupanda kinachovunwa kabla hatujakimbia, na maharagwe hayadai zaidi ya miezi michache. Jirani atakuuliza, "Papa, kwenye huo mti unakula nini?" Mjibu kwamba huli kitu, na umuache ahesabu hasara zako.

Hasara yenyewe ni shimo moja na uzio wa matete. Ukilazimika kuhama, kibobakasi hakiporwi, hakisagwi, hakiuzwi kwa kilo. Atakayerudi wa kwanza, awe wewe au mwingine, atakikuta. Kwa hiyo chimba kabla ya Septemba, na mbegu zinazozidi mpe yule jirani anayekucheka.