Paka Anayepimiwa Gramu: Barua kwa Jamaa wa Kirumba na Igombe

Kwa mujibu wa sheria ya England iliyoanza kutumika tarehe 10 Juni 2024, kila paka wa kufugwa aliyetimiza wiki 20 sharti awe na chipu, yaani kidude kadiri ya punje ya mchele kinachopenyezwa kwa sindano chini ya ngozi ya mabegani, chenye namba ya tarakimu 15, pungufu kwa tarakimu tano tu ya namba ya NIDA, na mwenye paka akikaidi huweza kutozwa faini inayofikia pauni 500. Lengo la sheria ni paka aliyepotea arudishwe kwao. Hata hivyo, mafundi wameona namba hiyo isikae bure, wakaunda bakuli linaloisoma kabla ya kumruhusu paka kula, na bakuli hilo ndilo ambalo jamaa wanaombwa walisadiki hadi mwisho wa barua.

Bakuli lenyewe lina mfuniko, na juu yake upinde wenye kisomeo, yaani kifaa kinachonasa namba ya chipu kwa mawimbi ya redio. Paka aliyeandikishwa akiingiza kichwa, mfuniko hufunguka kwa mlio wa mota, akijitoa, hujifunga, na paka wa jirani, hata alie vipi, huishia kunusa plastiki. Yale ya bei ya juu hupima kila gramu iliyoliwa na kupeleka taarifa kwenye simu, hata mwenye nyumba akiwa ndani ya treni hujua kwamba paka wake amekula gramu saba. Panapokuwa na paka wawili, mashine hukusudiwa kumzuia mnene asile fungu la mwembamba, ingawa mnene naye ana elimu yake: hungoja mwenzake afunguliwe, kisha hupenyeza kichwa ubavuni.

Chanzo cha mahangaiko haya ni maisha ya ndani. Paka mzima wa kawaida huwa na kilo 4 hadi 5, na asipotoka nje hutosheka kwa kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Mahitaji hayo hupungua akihasiwa, huku hamu ya kula ikipanda. Madaktari wa mifugo hutumia kipimo cha umbo chenye ngazi 1 hadi 9, na ngazi ya 5 ndiyo afya, yaani mbavu zigusike kwa urahisi bila kuchomoza.

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, kipimo hiki hakina mteja. Paka wa huko hula mapanki, yale mabaki ya sangara ambayo jamaa hawahitaji kuelezwa, na kila tonge hulilipia kwa mbio, kwa kuwa mama wa dagaa hana kisomeo bali ana ndala. Hanenepi, ni kweli. Lakini pia akiugua hakuna anayejua, na hesabu ya mbavu zake hufanyika kwa macho tu, kutoka ng'ambo ya barabara.

Kumpunguza paka uzito si kumnyima. Mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na huweza kumuua, kwa hiyo hushauriwa apungue taratibu, kiasi cha asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki, chakula kikipimwa kwa mizani. Hupewa pia mpira wenye tundu, ausukume hadi punje zidondoke moja moja. Wahenga waliagiza mgeni apewe jembe siku ya tatu. Paka wa ughaibuni ni mgeni maisha yake yote, na jembe lake ni la plastiki.

Mwandishi, mpangaji katika nyumba yenye bakuli hilo, naye amekuwa kiumbe wa ndani tangu baridi ianze: hakimbilii daladala ya Igoma, na mbavu zake sasa hutafutwa kwa vidole. Kopo la paka linapofunguliwa, samaki wake hana harufu ya ziwa, na mwandishi hukumbuka sato wa kuchemsha, michembe, na dagaa wakianikwa mchangani Igombe, harufu ambayo alipokuwa huko aliilalamikia. Atakayesafiri karibuni anaombwa abebe dagaa wa kukaanga, wafungwe vizuri. Paka hatapewa hata mmoja, kwa kuwa kalori zake za siku zimekwisha. Mwandishi atawala wote, kwa kuwa zake hazihesabiwi na yeyote.