Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mlezi wa Bendi

Mheshimiwa Mlezi,



YAH: OMBI LA KULEGEZA AGIZO LA GUNDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, pokea shukrani za bendi nzima, kuanzia mwimbaji kiongozi hadi kijana anayebeba maspika, kwa lile gitaa la Kijerumani ulilotukabidhi mbele ya kamera. Natambua una majukumu mazito, na kukusumbua kwa jambo la nyuzi sita ni kukosa adabu. Ningefika ofisini kwa miadi kama utaratibu unavyotaka, ila wasaidizi wako, ambao bidii yao ya kukulinda dhidi ya wageni ni ya kupigiwa mfano, hunijibu kila mara kwamba uko kwenye kikao. Nimeona niandike hadharani, nikiamini kwamba yanayoandikwa hadharani hukufikia mapema kuliko yanayoachwa mapokezi.

Utakumbuka kuwa katika ziara zako za mazoezini ulitoa maagizo matatu, si kwa mpangilio huu, na katibu akayaandika yote. Kwanza, daraja la gitaa ligundishwe, kwa kuwa "linacheza". Pili, zifungwe nyuzi ulizotuletea kutoka Dubai. Tatu, mpiga solo akatwe posho kwa kupiga nje ya tyuni kwenye harusi ya binti yako. Agizo la pili, ulilolitoa kabla ya mengine na kabla ya harusi, lilitekelezwa siku hiyohiyo. La tatu lilitekelezwa haraka zaidi. La kwanza nimelichelewesha mimi, fundi wa vyombo, na barua hii ndiyo maelezo yangu.

Naomba nieleze kazi ya daraja lile, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya uso wa gitaa, ili uamuzi wako, ambao tayari una busara, upate na sababu.

Kwenye magitaa ya uso bapa, haya yaliyozoeleka makanisani na mashuleni, daraja hugundishwa kiwandani kwa sababu nyuzi zimefungwa palepale na zinalivuta muda wote. Ni haki kabisa kudhani magitaa yote yako hivyo. Hili letu ni achitopu, limejengwa kwa mtindo wa fidla: uso umebinuka, matundu yake mawili yana umbo la herufi f, na nyuzi zinapita juu ya daraja bila kusimama, zikaenda kufungwa kwenye mkia wa chuma ulioshikwa na skrubu ubavuni, mwisho wa gitaa. Daraja limekaliwa na nyuzi tu. Ukizitoa zote sita kwa mpigo, linaanguka. Hakuna aliyesahau kulipaka gundi, Mheshimiwa. Liliachwa hivyo kwa makusudi, na watu waliojua walichokuwa wakifanya.

Watu hao ni wa zamani kidogo. Orville Gibson wa Kalamazoo, jimbo la Michigan nchini Marekani, alikuwa akichonga nyuso za mbinuko tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1922 kampuni yenye jina lake ilitoa modeli ya L-5, wakati Lloyd Loar akiwa mhandisi wake, na matundu ya herufi f yakaingia kwenye gitaa. Bendi kubwa za jazi zilikuwa na tarumbeta na saksafoni, vipaza sauti vya gitaa havijafika, kwa hiyo lilitakiwa gitaa lenye sauti ya kupenya. Mpiga gitaa Freddie Green alijiunga na bendi ya Count Basie mwaka 1937 akapiga ridhim humo hadi alipofariki mwaka 1987. Nyuzi zake alizipandisha juu sana kutoka kwenye freti, kiasi kwamba mkono wa mtu mwingine ungechoka mapema, ila bendi nzima ilikuwa ikimfuata yeye. Kwa upande wa Ujerumani, mafundi wa Schönbach, mji wa Bohemia walikofukuzwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walianza upya Bubenreuth, na miongoni mwao ilikuwamo familia ya Höfner. Ndiko lilikotoka hili lako. Samahani, hili letu. Samahani tena: hili lako.

Sasa kuhusu kusogea. Daraja huwekwa mahali linapofanya noti ziwe sahihi kwenye shingo nzima, si kwenye uzi ulioachwa wazi tu. Mafundi huita jambo hilo intonesheni, na kulipima si kazi ngumu. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, udonoe, utasikia mlio mwembamba wa juu. Kisha ubonyeze uzi huohuo kwenye freti hiyohiyo, uudonoe tena. Milio miwili inatakiwa ilingane. Wa kubonyeza ukipaa, daraja lirudi nyuma kuelekea mkia. Ukishuka, lisogee mbele kuelekea shingo. Unalegeza nyuzi kidogo, unalisukuma kwa vidole viwili vya gumba, unakaza, unapima upya. Unaanza na uzi wa kwanza, unakwenda wa sita, unarudi wa kwanza.

Kinachosababisha yote hayo ni kwamba uzi ukibonyezwa unavutika, na uzi uliovutika hupanda sauti. Ili kufidia, daraja haliwekwi pale hesabu tupu inaposema, yaani umbali wa kutoka juu ya shingo hadi freti ya 12 ukirudiwa mara mbili. Linasogezwa nyuma ya hapo kidogo: milimita 2 hivi upande wa uzi wa kwanza, na zaidi ya hapo upande wa uzi wa sita ulio mnene. Kwa hiyo daraja lililo sahihi linaonekana limekaa upande. Ulisema siku ya agizo la gundi kwamba limekaa vibaya, na sote tukaitikia kwa vichwa. Mimi pia niliitikia, kwa heshima.

Likigundishwa leo, litakuwa sahihi kwa nyuzi za leo, kwa kimo cha nyuzi cha leo, kwa hali ya hewa ya leo. Masika ikiingia, unyevunyevu wa huku pwani utaingia kwenye mbao, tumbo la gitaa litapanda kidogo, nyuzi zitakuwa juu zaidi, kidole kitalazimika kuzibonyeza mbali zaidi, na noti zitapaa. Kipupwe kikija, mambo yatageuka. Kila mara daraja linadai kusogezwa kiasi kisichozidi unene wa kucha. Na gundi ya dukani ikishashika vanishi, siku ya kulibandua daraja itaondoka na vanishi yenyewe, ile rangi ya dhahabu inayokolea kuwa kahawia pembeni, ambayo kwa mujibu wa hotuba yako ndiyo iliyokuvutia ukalinunua.

Kama ungepata dakika moja kati ya kikao na kikao, ningekuomba uinamie daraja hilo uliangalie kwa karibu. Juu yake pana mifereji kadhaa iliyochongwa sambamba, na ndani ya mifereji hiyo vimekaa vipande vya waya wa freti, kila uzi na chake, kila kimoja kama punje ya mchele. Havikupangwa kwa mstari mmoja. Cha uzi wa kwanza kiko mbele, cha uzi wa pili kiko nyuma yake. Ukifika uzi wa tatu, kipande kinaruka tena mbele. Kisha vya uzi wa nne, wa tano na wa sita vinarudi nyuma tena. Mruko huo wa uzi wa tatu ndio uliomkosesha kijana wetu posho.

Wajerumani walioupanga mruko huo walikuwa wakifikiria uzi wa tatu uliozungushiwa waya, ambao ndani yake una kiini chembamba na juu yake umevikwa waya mwingine. Ni kiini ndicho kinachoamua daraja lirudi nyuma kiasi gani. Kiini chembamba kinadai fidia ndogo, kwa hiyo kipande chake kinakaa mbele. Nyuzi za Dubai, Mheshimiwa, zina uzi wa tatu mtupu, chuma kimoja kinene kisichovikwa kitu. Huo unadai fidia kubwa. Ukiuweka juu ya kipande cha mbele, ukiachwa wazi uko sawa, tyuna inawasha taa ya kijani, kila mtu anafurahi. Ukibonyezwa freti ya pili, unapaa. Ukibonyezwa freti ya saba, unapaa hadi mama mzazi wa bwana harusi anageuka kutazama jukwaani. Mpiga solo alikuwa amekaza nyuzi zake vizuri na kubonyeza mahali panapotakiwa. Ukimtazama usoni kwenye video ya harusi, utaona dhahiri kwamba alisikia kabla yetu sote.

Sisemi kwamba nyuzi zile ni mbaya. Ni nyuzi nzuri sana za gitaa jingine. Namba 9 iliyoandikwa kwenye pakiti ina maana kwamba uzi wa kwanza una unene wa sehemu 9 kati ya 1,000 za inchi. Seti nyepesi za namna hiyo zilipata umaarufu Marekani miaka ya 1960, hasa Ernie Ball wa California alipoanza kuziuza, kwa sababu vijana wa roki walitaka kuzivuta nyuzi pembeni ili noti ilie. Kwa gitaa la ubao mzito linalotegemea pikapu tu, kile kifaa cha kunasa mlio wa nyuzi, zinafaa. Uso wa gitaa letu unahitaji kusukumwa ndipo utoe sauti. Seti ya namba 9 ikikazwa inavuta kwa jumla chini ya kilo 40, wakati seti ya 12 inavuta zaidi ya kilo 60, na nguvu hiyohiyo ndiyo inayolibana daraja lisimame. Pengine umeshaona ninakoelekea: daraja lilianza "kucheza" baada ya agizo la pili. Naomba radhi kwa kulisema. Nilijaribu kutafuta namna ya kulisema kwa upole zaidi, sikuipata.

Ukiniuliza nyuzi gani zifungwe, na nafahamu hujaniuliza, ningeomba seti ya 12, au 11 kwa kuanzia ili vidole vya kijana vizoee, sharti uzi wa tatu uwe umevikwa waya. Utashauriwa na wataalamu, maana wewe hukosi wataalamu, kwamba gitaa la jazi ni lazima lipewe nyuzi bapa, zile zilizovikwa utepe laini usiokwaruza. Thomastik-Infeld wa Vienna huzitengeneza vizuri sana, sauti yake ni nzito na ya mviringo, na kwa mtu anayepiga jazi taratibu hotelini sina pingamizi. Muziki wetu ni wa dansi. Solo lisipolia juu ya ngoma na besi, wachezaji hurudi kwenye viti. Kwa hiyo ningeomba za kawaida, zilizovikwa nikeli. Za shaba nyeusi, hapana, kwa kuwa pikapu ya gitaa letu hufanya kazi kwa sumaku na shaba haivutwi na sumaku. Pikapu ingesikia kiini tu, nyuzi mbili za juu zingepiga kelele na nyingine zikanong'ona.

Iwapo hata hivyo utaamua nyuzi za Dubai zibaki, uamuzi wako utaheshimiwa. Nitakiondoa kipande cha uzi wa tatu kwenye mfereji wa mbele na kukirudisha wa nyuma. Noti zitakuwa za kuvumilika. Sauti itakuwa ndogo.

Kuna jambo moja la kukutahadharisha, nisije nikaonekana nilikuahidi pepo. Hata gitaa lililopimwa vizuri kuliko yote haliwi sahihi asilimia mia. Freti zimegawanywa ili kila ufunguo upate haki sawa, na matokeo yake kila ufunguo umekosa kidogo. Mi ya gitaa iko juu kwa takriban senti 14 kuliko mi ya kwaya inayoimba bila chombo, na nusu toni nzima ni senti 100 tu. Sikio zuri linasikia tofauti hiyo. Kwa hiyo endapo siku moja utasikia kitu kidogo hakijakaa, kabla ya kuita kikao, naomba niitwe kwanza.

Najua desturi yetu. Tangu enzi za NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, bendi nyingi za nchi hii zilikuwa za taasisi, na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Mwanamuziki akihama, gitaa linabaki. Silalamikii hilo, ndilo lililotupa muziki mwingi mzuri. Ninachoomba ni haki ndogo tu: daraja liachwe bila gundi, nyuzi zibadilishwe mmojammoja bila kuzitoa zote kwa pamoja, kimo cha nyuzi na shingo virekebishwe kwanza na intonesheni ipimwe mwisho kwa nyuzi mpya zilizokwisha kuvutika, na mpiga solo arudishiwe posho yake ya harusi.

Gharama ya nyuzi nitaibeba mimi endapo bajeti ya ulezi kwa sasa imeelekezwa kwenye fulana zenye picha yako.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Fundi wa Vyombo

Nakala:
Katibu wa bendi, kwa kumbukumbu.
Mpiga solo, kwa taarifa na subira.
Kijana anayefuta vumbi ofisini kwa Mheshimiwa, kwa utekelezaji: kitambaa kikavu, na usilisukume daraja.