Barua kwa Mjomba: Gari la Mbio Linatafuta Njia ya Polepole

Columbus, Ohio

Mjomba, shikamoo. Mkaza mjomba naye shikamoo yake. Na wote mnaosomewa barua hii hapo gereji Mombo, salamu ziwafikie, pamoja na yule bwana anayesubiri gari lake tangu Ramadhani.

Uliniuliza kwenye simu siku hizi nafanya nini zaidi ya kuuza spea. Nikakwambia nimepewa cheo, laini ikakatika hapo hapo, na nasikia nusu ya Mombo inaamini nimekuwa meya. Sijawa meya. Nimekuwa mpanga njia wa klabu ya wazee wenye hotirodi. Cheo hakina mshahara wala posho, ila lawama zake ni za meya kamili.

Wewe ni fundi, kwa hiyo sitakuzungusha. Hotirodi ni gari la zamani, mara nyingi Ford ya kati ya 1928 na 1934, lililovuliwa kila kitu kisichosaidia kulisukuma mbele. Madigadi yanatolewa. Bampa zinatolewa. Boneti inaachwa nyumbani ili injini ionekane. Halafu nguzo za paa zinakatwa, paa linashushwa na kuchomelewa tena chini, na dereva anabaki kuchungulia barabara kupitia upenyo ambao wewe usingekubali kuutilia hata barua. Najua unauliza nani aliwaruhusu. Hakuna aliyewaruhusu. Mwaka 1932 Henry Ford alitoa injini ya V8 ambayo mtu wa kawaida angeimudu, lita 3.6, nguvu za farasi 65. Vijana wa California wakawa wanayanunua magari hayo yakishachakaa, wanayapunguza uzito, wanayapeleka kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage na kushindana juu ya ardhi tupu. Mwaka 1937 klabu zao zikaungana kuunda Southern California Timing Association, chama cha kupima kasi, ambacho kipo mpaka leo. Baada ya Vita Kuu ya Pili askari walirudi na akiba mfukoni na ujuzi wa mitambo ya jeshi, na ugonjwa ukaenea nchi nzima.

Wazee wangu waliambukizwa utotoni, na dawa wamekuja kuipata baada ya kustaafu. Wana gereji ambazo huruhusiwi kuingia na viatu. Wanakuja dukani kwangu kununua plagi nne, wanakaa saa mbili. Siku moja mmoja wao akaniuliza nimekulia wapi. Nikamweleza njia ya Mombo kupanda Lushoto, kilomita 30 na ushei, korongo huku na ukuta wa mlima kule, na jinsi kondakta anavyoning'inia mlangoni kwenye kona kuangalia kama kuna basi linashuka. Aliondoka bila kuchukua chenji yake. Kesho yake akarudi na mwenyekiti wa klabu.

Sasa sikiliza kioja. Gari lilitengenezwa ili lishinde kila gari kwa kasi, na mwenyewe, baada ya kumaliza kulijenga kwa pesa ambayo ingejenga nyumba Korogwe, anatafuta barabara ambayo haliwezi kwenda kasi. Barabara kuu hawaitaki kabisa. Nilidhani ni uzee, lakini nilipopakiwa kwenye hotirodi moja nikawaelewa. Ford walichelewa kuweka breki za haidroliki hadi magari yao ya mwaka 1939, na baadhi ya wazee hawa, kwa ajili ya heshima tu, bado wanatumia breki za vyuma za enzi ile. Unakanyaga leo, unasimama kesho. Lori la magurudumu 18 likikupita, kofia inaondoka na wazo ulilokuwa nalo. Tena barabara kuu hakuna wa kukutazama, na gari la namna hii bila watazamaji ni hasara tupu.

Basi ikaundwa kamati. Mjomba, nilidhani nimeziacha kamati za harusi Tanga, kumbe zilinitangulia: mwenyekiti asiyetaka kusikia, mweka hazina asiyetaka kutoa, na mama mmoja anayejua kila kitu na ndiye anayeifanya kazi yote. Tofauti ni kwamba hapa hakuna michango, kila mtu anajilipia pai yake, na ajenda inayotawala mkutano ni vyoo. Mimi nilikuja na ramani nimeipiga mistari kwa kalamu ya rangi, nikaanza kueleza vilima na mito. Mkono ukanyanyuliwa. Choo cha kwanza kiko maili ya ngapi? Wastani wa umri wa madereva wangu ni miaka sabini na kitu. Umbali kati ya kituo na kituo haupangwi na tenki la petroli.

Nilichagua kuwapeleka kaskazini mashariki, kupitia Danville na Killbuck hadi Millersburg, kisha tuzunguke vijiji vya Charm na Walnut Creek. Hiyo ni kaunti ya Holmes, kwenye moja ya makazi makubwa kabisa ya Waamishi. Hawa ni Wakristo wasiomiliki magari. Wanasafiri kwa vigari vyeusi vya farasi vyenye pembetatu ya rangi ya chungwa nyuma. Alama ile ilibuniwa hapa hapa Columbus, Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa ajili ya matrekta yaliyokuwa yakigongwa kwa nyuma. Siku ilibidi iwe Jumamosi, maana Jumapili Mwamishi hakuuzii hata biskuti.

Kazi yenyewe sasa. Kiangazi kaunti za Ohio hukarabati njia ndogo kwa kumwaga lami ya majimaji na kutandaza kokoto juu yake, halafu magari yanayopita ndiyo yanayomaliza kushindilia. Kumbuka nilivyokwambia kuhusu madigadi. Tairi lisilo na madigadi linaokota kokoto yenye lami na kuirusha moja kwa moja kwenye rangi ambayo bei yake siiandiki hapa, msije mkaanza kunitumia maombi ya ada za shule. Kwa hiyo mimi, niliyelelewa kwenye vumbi la kwenda Mtae, siku chache kabla ya safari nilikuwa nazunguka na Toyota yangu, nashuka kila baada ya kilima, nainama, naisugua barabara kwa kiganja. Mkulima mmoja alisimamisha trekta kuniuliza nimepoteza nini.

Na kokoto ni afadhali. Farasi wa Waamishi hawafungwi nepi. Hili nililiweka mezani kwenye kamati kwa lugha ya heshima, nikasema kutakuwa na "vitu vya asili" barabarani. Hawakunielewa. Walinielewa Jumamosi, hasa wale wenye gari la wazi.

Kuwaelekeza nako kuna mtihani. Huwezi kumwambia mtu "kata kulia baada ya maili nne", kwa sababu kila mmoja amebadilisha tairi na difu, na mita zao zinadanganya, kila moja kwa namna yake. Nikatumia alama za njiani. Nikaandika "kata kulia kwenye ghala jekundu". Yule mama akanitazama kwa huruma. Mjomba, Ohio nzima ni maghala mekundu. Aliyeniokoa ni marehemu Harley Warrick, mpaka rangi wa jimbo hili aliyezunguka miaka zaidi ya arobaini akipaka na kupaka upya kwenye kuta za maghala tangazo la tumbaku ya kutafuna ya Mail Pouch. Yaliyobaki yanaonekana kutoka mbali, na hayafanani na mengine. Sitafuni tumbaku, lakini yule mzee namwombea.

Kona za kushoto nilizikwepa. Huku tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo anayekata kushoto ndiye anayevuka mbele ya wanaokuja, na msafara wa magari ishirini na kitu ukifanya hivyo unakatika vipande. Pasipoepukika, gari la pili linasimama kwenye kona na kunyoosha mkono mpaka gari la mkia lifike. Mkia nilimpa rafiki yangu Mkongomani wa Bukavu, mwenye pikapu na trela, utingo wa kuzaliwa. Tulikuwa tunaongea redioni kwa Kiswahili, chake cha Bukavu na changu cha Tanga, na wazee wakaamini hiyo ndiyo lugha rasmi ya msafara. Kufika Danville mmoja wao alikuwa anajibu "sawa sawa" kwa kila kitu, hata alipoulizwa yuko wapi.

Tulipangiwa kuondoka saa 3 asubuhi. Wote walifika saa 1 na nusu. Tuliondoka saa 4, kwa sababu kila aliyefika alionyesha injini yake, na kila injini ilihitaji kutazamwa na watu wote. Nilipiga honi. Walidhani naisifia.

Karibu na Charm, kwenye mwinuko, tukajikuta nyuma ya kigari cha farasi kinachokwenda kama kilomita 10 kwa saa. Unajua kitakachofuata. Kwenye V8 ile ya zamani vali zimo ndani ya bloku, na moshi wa moto lazima upenye katikati ya bloku kabla ya kufika kwenye ekzosi, kwa hiyo njia nzima unayachemsha maji. Hotirodi moja ya njano, kuupe ya milango miwili, ikatoa mvuke, ikasimama. Mwamishi naye akasimamisha farasi, akashuka, akaja. Nilidhani tutahubiriwa. Akainama kwenye injini, akauliza ya nini kabureta tatu. Mwenye gari akaanza kueleza. Akamsikiliza hadi mwisho, akasema moja ingetosha. Watu hawa magari hawamiliki, lakini karakana zao za mbao zinaendeshwa kwa injini za dizeli, na hapo alikuwa anaongea fundi. Halafu akaenda kwenye birika la shamba la jirani, akaleta ndoo. Gari lenye nguvu za farasi zaidi ya mia likaondoka kwa maji ya farasi mmoja, ambaye muda wote alikuwa analitazama bila kupepesa.

Mezani Walnut Creek, mbele ya pai ya krimu ya siagi ya karanga ambayo madaktari wao wote wameikataza, nilingoja mtu aseme neno juu ya mandhari. Nilikuwa nimewatafutia mabonde, mashamba yaliyolimwa kwa kufuata mgongo wa kilima, daraja, kila kitu. Hakuna aliyeona hata mti. Mandhari waliyoitazama siku nzima ni matako ya gari lililotangulia, na kwa maelezo yao hawajapata kuona mandhari bora. Nimeshateuliwa kupanga ya mwakani.

Sasa lililonifanya niandike, badala ya kupiga simu ambayo Mombo nzima inasikiliza. Nilikuwa nawaonyesha picha zako za gereji. Mzee wa kuupe ya njano akanipokonya simu, akavua miwani, akaivaa tena. Nyuma yako, chini ya mwembe, kuna ile Ford Anglia wanamolala kuku. Kumbe vigari vile vya Kiingereza vya miaka ya 1940 na 1950 viligombaniwa sana huku: vifupi, vyepesi, walivitia V8 na kuvishindanisha kwenye mbio fupi za kunyooka. Akaniuliza kama bodi ni chuma kitupu. Nikamwambia ni chuma na kuku. Akauliza kuku wangapi. Nadhani anaamini wanauzwa pamoja.

Kwa hiyo, Mjomba: watu wa vyuma chakavu wasiikaribie, usiipige rangi, na usimtajie mtu bei mpaka tuongee. Nitumie picha ya namba ya chesisi. Mweleze mkaza mjomba kwamba banda jipya nalijenga mimi, la matofali akitaka. Na mayai yatolewe kwa mlango wa kulia tu. Mzee ameomba sana ule wa kushoto usiguswe, ameona bawaba zake kwenye picha na anasema ni za asili.

Mpwa wako,
Mpanga njia