Nani Kaiba Nyuzi Zangu 35?

Binti wa fiziotherapia alinilaza kitandani, akabandika ubavuni mwa goti langu rula ya plastiki yenye miguu miwili, akasema, "Kunja, mzee." Nikakunja. "Kunja tena." Nikamwambia mimi bado nina nia, goti ndilo limemaliza. Akaandika: nyuzi 100.

"Zinatakiwa ngapi?"

"Kama 135. Wengine hufika hata 150."

Yaani 35 hazipo! Hapa Shinyanga mtu akipotelewa na ng'ombe 35, yowe linapigwa usiku huohuo na nyayo zinafuatwa hadi Bariadi. Sungusungu walizaliwa huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu ya wizi wa mifugo. Mimi nimekombwa nyuzi 35 kwenye goti moja, la pili hata hakulipima, nadhani kwa huruma, na hakuna aliyepuliza hata filimbi.

Nilishtukia wizi huu nilipokwenda Geita. Mpwa wangu ana hisa kwenye duara moja, yaani shimo la machimbo, huko Nyarugusu, na kila mwezi ananipigia simu: "Mjomba, mwezi huu dhahabu inatoka." Nikaona niende nikaishuhudie ikitoka. Kutoka Kahama nikapanda Hiace, kiti cha watatu tukakaa wanne. "Mzee, kunja miguu kidogo," akasema kondakta. Ningekuwa na ile rula ningempimia hiyo "kidogo" yake.

Duarani nikakuta vijana wamepumzika. Wamechuchumaa, visigino chini, magoti yamefika makwapani, wanakula ugali na kucheka. Watu hao wametoka kushinda chini ya ardhi, wamejikunja na nyundo na moko, wanagonga mwamba. Ungetegemea wakipanda juu wanyooke. Wapi! Wanapumzika kwa kujikunja tena. Mpwa wangu akaniangalia nilivyosimama kama mlingoti, akapaza sauti: "Mleteeni mjomba ndoo akalie!" Nimewahi kutukanwa maishani, lakini si kwa heshima namna ile.

Habari ya choo nitaieleza kwa ufupi. Kilikuwa cha shimo, kimezungushiwa turubai, kimesimamia miti minne. Mimi nilishika mmoja. Yaliyofuata ni siri yangu, ya mpwa wangu, na ya watu kama kumi na watano waliokuja kuninasua kwenye turubai.

Kesho yake asubuhi mke wa mpwa wangu akapiga magoti kunisalimu, "Mwangaluka," mtoto mgongoni, kisha akainuka bila kushika kitu, kama moshi. Huko shambani dada yangu, aliyenizidi miaka sita, alikuwa anapalilia mahindi, magoti yamenyooka, kiuno kimekunjwa mara mbili. Alipofika mwisho wa tuta akasimama wima, akaniuliza kwa nini nimeegemea mti. Ndio watu wetu hao: palizi, ambayo ni adhabu, wameigeuza ngoma wakaiita bugobogobo.

Niliporudi nikamweleza yule binti. Akauliza nafanya kazi gani.

"Karani. Mwaka wa 31 huu."

"Unakaa?"

"Kwani wewe umeona karani anayeandika anakimbia?"

Akanifafanulia kwa upole, kama wanavyofafanuliwa wazee. Kutembea tambarare, goti linahitaji nyuzi 60 hivi. Kukaa kitini, 90 na ushee. Kuchuchumaa mpaka chini ndiko kunakotaka zaidi ya 130. Kiungo kisipofikishwa mwisho wake miaka nenda rudi, mfuko unaokizunguka unajikaza, misuli inafupika, na njia inafungwa. Umri nao umo, akasema, ila si peke yake.

Basi mwizi nimemjua. Ana miguu minne na mgongo, nimekuwa nikimkalia kila siku tangu nilipoajiriwa, na mwaka juzi nilimnunulia mto kwa hela yangu.

Nimepewa mazoezi: nishike fremu ya mlango, nishuke taratibu, nipande, asubuhi na jioni. Mke wangu ameacha kuuliza ninamwomba nani msamaha. Baada ya wiki sita nikapimwa tena: 104. Nne zimerudi. Zimebaki 31, moja kwa kila mwaka wa ukarani.

Nikampigia dada yangu kujisifu. Akacheka mpaka salio likakaribia kuisha. "Njoo msimu wa palizi," akasema. "Nitakupa jembe, zote zitarudi, na wala sikutozi."

Nimemjibu nitakwenda. Nangoja tu zitimie nyuzi za kupandia Hiace.