Mofa Hutibu Kila Kitu Isipokuwa Ubishi

Katika ukoo wetu, mtu akipimwa sukari ikakutwa juu, habari hufika jikoni kabla daktari hajamaliza kuandika. Yangu ilisoma 8.1 asubuhi kabla ya kula, ilhali ukifika 7 tu umeshaingia kwenye mji wa kisukari. Hukumu ya jikoni ikatoka siku ileile: kuanzia leo ni mkate wa mofa. Maandazi marufuku, chapati marufuku, boflo isionekane mezani. Mpaka hapo kauli ilikuwa moja. Kasheshe ilianza pale mtu alipouliza mofa yenyewe inatengenezwaje.

Shangazi yangu, mzaliwa wa Unguja, hana mchezo na jambo hili. Kwake mofa ni unga wa mtama, maji, chumvi na bizari nyembamba. Kinachozidi hapo ni urembo. Unga ukishachachuka, madonge yanatandazwa kwa kiganja kilichochovywa maji na kubandikwa kwenye kuta za ndani za tanuri la udongo lililokolea moto. Mama mkwe, Mpemba, anasema mkate huo unafaa kujengea msingi wa nyumba. Na hoja anayo: mtama hauna gluteni, ile protini ya ngano inayoufanya unga unate na kuumuka, kwa hiyo mofa ya mtama mtupu hupasuka hata ukiikazia macho. Yeye anachanganya nusu kwa nusu na ngano, anatia hamira, kitunguu saumu, na tui "la kulainishia". Hamira nayo, anasema, haiamki bila sukari.

"Kijiko kimoja tu, mkwe wangu."

Kijiko chenyewe ni kile cha kupakulia wali. Basi mkate wa mgonjwa wa sukari ukatiwa sukari, na hakuna aliyecheka. (Wasomali nao wana muufo yao, na sina shaka huko pia kuna shangazi na mama mkwe.)

Mimi naishi Dar es Salaam, ghorofani, nyumba ya kupanga. Tanuri la udongo sina. Shangazi alipokuja kuniuguza alikataa katakata habari ya kikaango, akaagiza chungu kikubwa, akakitoboa kitako na kukisimamisha juu ya jiko la mkaa pale kibarazani. Mofa ya kwanza ilishika vizuri. Ya pili ilishika, ikasitasita, kisha ikajiachia mpaka kwenye makaa. Moshi uliotoka hapo ulimpandisha mwenye nyumba ngazi zote na ndoo ya maji mkononi. Shangazi akamtazama kitambi, akamvutia kiti: "Kaa ule, mwanangu, wewe ndiye unayeihitaji zaidi." Mwenye nyumba alishuka na mofa mbili kwenye ndoo, na kodi hakuiulizia.

Tangu siku hiyo sifa za mofa zikawa zinaongezeka kila mgeni akipita. Jirani anasema inapunguza mwili. Anayasema hayo huku akichovya ya nne kwenye mchuzi wa nazi. Shemeji anataka mtama mwekundu tu, kwamba mweupe hauna kitu. Hapo pana ukweli kidogo, maana ule ukakasi wa mtama mwekundu unatokana na tanini, nazo hupunguza kasi ya wanga kusagika tumboni. Mjomba akaapa kwamba mofa inarudisha ujana kwa wanaume. Pwani nzima inajua sifa hiyo ni ya pweza aliyekuwa kwenye bakuli la pembeni, lakini nani atambishia mjomba anayekula?

Kliniki nilisindikizwa na wote wawili, shangazi kulia, mama mkwe kushoto, kama mtuhumiwa. Afisa lishe, dada mpole, akatuandikia kwenye karatasi: gramu 100 za unga wa mtama zina wanga unaozidi gramu 70, haupishani sana na wa ngano. Faida kubwa iko kwenye nyuzinyuzi, na hiyo ni kama unga haukukobolewa. Kwa hiyo mofa moja ya ukubwa wa kiganja, samaki, na mboga za majani kwa wingi.

"Moja kwa saa ngapi?" akauliza shangazi.

"Moja kwa mlo, mama. Na unga mnachanganya na nini?"

Kimya kikatanda. Shangazi akamgeukia mama mkwe. Mama mkwe akaanza kusoma kwa makini bango la kunyonyesha watoto. Kisha wote wakalipuka kwa pamoja, tui likatajwa, hamira ikatajwa, na afisa lishe, ambaye kumbe kwao ni Tanga, akasema kwao hutia nazi iliyokunwa. Foleni ya nje ikaanza kugonga mlango.

Sukari yangu imeshuka, na kila mmoja anadai ni mofa yake. Daktari anasema ni vidonge na matembezi ya jioni, nami matembezi sikosi, kwa kuwa ndio muda ambao jikoni kwangu wanabishana. Nawe ndugu msomaji, ukiandaliwa mofa ya dawa, uliza kwanza mtama ni kiasi gani na ngano kiasi gani. Kama mpishi ni mama mkwe wako, usiulize. Kula moja, mshukuru, kisha uinuke kabla hajakuongeza ya pili.