Bosi Ana Sekretari, Mimi Nina Simu

Chini ya dirisha la ofisi yetu hapa Nakuru kuna kipaza sauti ambacho hakijawahi kuandikiwa barua ya onyo. Ni cha muuza dawa mwenye mkokoteni, na tangu saa mbili asubuhi kinarudia: panya, mende, kunguni, viroboto, panya, mende, kunguni, viroboto. Kando yake makanga anaita abiria wa Gilgil na Naivasha kwa sauti ya kuwafikia waliokwisha fika. Ndani, redio ya idara ya mauzo inabishana siasa na yeyote aliye karibu. Hayo yote yanahesabiwa kuwa mazingira ya kawaida ya kazi. Lakini nilipovaa hedifoni za kupunguza kelele, niliitwa kando nikaulizwa kama nimekuja kazini au disko.

Nina disleksia. Watu wakisikia hivyo hudhani herufi hunichezea mugithi kwenye karatasi. La. Nasoma, ila polepole. Mstari hunipotea katikati, na risiti ya shilingi 6,500 naweza kuiona kuwa 5,600 na kuapa mbele ya chifu. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alikuwa na jina fupi zaidi la hali hiyo, na kiboko cha kulitilia mkazo. Ukiniuliza kwa mdomo ni nani wa Molo tunamdai mbolea na ni nani wa Njoro alilipa mahindi yakiwa bado shambani, nitakujibu bila kufungua daftari. Balaa huanza daftari linapofunguliwa.

Siko peke yangu. Dada wa mauzo ana ADHD: anaweza kumuuzia mkulima pampu ya maji wakati wa mafuriko, halafu asahau kuandika risiti. Kijana wa bohari ana usonji: stoo ameipanga mwenyewe na anajua kila gunia lilipo, lakini makelele na taa ile ya tyubu inayopepesa humchosha kuliko magunia yenyewe. Sisi watatu tunahitaji vitu vinne tu: cha kutusomea, cha kutuandikia tunapoongea, cha kutukumbusha na cha kutukinga na kelele. Vitatu vya kwanza vimo ndani ya simu ya kawaida. Simu tunazo. Ila kanuni za ofisi zinasema simu isionekane mezani.

Nikapeleka ombi kwa idara ya rasilimali watu. Nikapewa fomu. Ni nene, herufi zake ni ndogo kama punje za wimbi, na maelekezo yanasema ijazwe kwa mkono, bila kufuta wala kukosea. Yaani ili nithibitishe kwamba kusoma na kuandika kunanitesa, sharti kwanza nisome na kuandika bila kuteseka. Nikiijaza vizuri, hiyo ni dalili kwamba sina shida. Nikiijaza vibaya, inarudishwa kwa kuwa imejazwa vibaya.

Sasa mtazame bosi. Barua ikiingia, sekretari huifungua, huisoma, kisha humweleza kwa sentensi mbili inataka nini. Akitaka kujibu, huzungukazunguka ofisini akiongea huku sekretari akiandika, akinyoosha tahajia na kumwondolea matusi. Dakika kumi kabla ya saa nne huchungulia mlangoni: “Mzee, kikao.” Na mlango wenyewe ni wa mbao nzito, ukifungwa, muuza dawa ya panya huwa amehamia Nyahururu. Kusomewa, kuandikiwa, kukumbushwa, kukingwa na kelele: ni vinne vilevile, na hakuna aliyemtaka ajaze fomu. Vilikuja pamoja na kiti. Mimi nikiviomba kwa simu yangu mwenyewe, isiyoigharimu ofisi hata ndururu, naambiwa nataka mapendeleo.

Sisemi simu ni malaika. Kuandika kwa sauti kwa Kiswahili kumekuwapo kwenye simu tangu 2017, lakini nina shaka kama waliozifundisha walipitia Bonde la Ufa. Nilitamka, “Viazi vya Molo, magunia mia mbili, viingizwe bohari.” Ikaandika kwamba wazazi wa Molo, magunia mia mbili, waingizwe bohari. Nilisema mkulima wa Bahati amelipa. Ikaandika mkulima kwa bahati amelipa, na mhasibu, ambaye anawajua wateja wetu wa mkopo, akasema hiyo isisahihishwe. Nikiutaja mtaa wetu wa London, ramani inaniuliza kama nina pasipoti.

Safari nyingine waya wa hedifoni ulichomoka, na simu, kwa utulivu wa mtangazaji wa vifo, ikaisomea ofisi nzima ujumbe kwamba mkopo wangu umepita tarehe. Mama Chai, anayetukopesha sote mandazi, alikuwa amesimama hapo na birika mkononi. Tangu hapo mandazi yangu hulipiwa kabla hayajatoka kwenye ndoo.

Mhasibu hushikilia kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Nikamwambia hiyo kibodi anayoitwanga kutwa ina ukoo na mashine aliyoitengeneza Mwitaliano Pellegrino Turri, mwanzoni mwa miaka ya 1800, ili rafiki yake mwanamke asiyeona aweze kuandika barua. Akaniuliza nimeyasoma wapi. Nikamjibu sikusoma, nilisomewa.

Basi tuwaache Wazungu, tuje nyumbani. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumvusha vikwazo vinavyotokana na hali yake. Ibara ya 260, inapoeleza ulemavu ni nini, haikuishia kwenye miguu na macho. Imetaja na hali za akili pia. Sheria ya 2003 ya watu wenye ulemavu ilimruhusu hata mwajiri binafsi aliyewarekebishia wafanyakazi hao mahali pa kazi aombe nafuu ya kodi ya nusu ya gharama hizo. Nafuu ya kodi! Mhasibu wetu, awezaye kupata risiti ya mafuta ya gari lililokufa, hiyo ilimpita. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya kushika nafasi ya ile. Ofisini kwetu haijafika hata moja. Labda zimezuiwa kwenye mizani ya Gilgil.

Hata sensa ya 2019 ilinipita. Iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, ikapata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Mimi naona, nasikia, natembea, na kuhusu kuwasiliana, karani wa sensa ndiye aliyeomba nimwachilie aende.

Kisha sekretari akaenda likizo ya uzazi. Wiki haikuisha, bosi alikuwa amekosa vikao, barua zimemjaa mezani, na jibu moja aliloandika kwa mkono wake lilimwita “Mpendwa Bibi” mzee mmoja mwenye ndevu hadi kifuani. Jioni, wengine wakiwa wamekimbilia matatu, akaja mezani kwangu, akatazama kulia na kushoto. “Kijana wangu, hiyo simu yako husomaje barua?” Nikamwonyesha. Nikamwonyesha na kuandika kwa sauti, nikamwonya kuhusu viazi. Akaondoka na hedifoni zangu, za kujaribu tu. Bado anazijaribu.

Haukupita muda, ukatoka waraka. Unasema ofisi imetambua umuhimu wa teknolojia saidizi kazini, na kuanzia sasa simu mezani, hedifoni na programu za kusoma zinaruhusiwa kwa wakuu wa idara na walio juu yao. Wengine wajaze fomu. Hedifoni zangu zikiwa kwa bosi, niliusikiliza kwa spika, na idara zote zikausikia nami. Simu haikukosea hata nukta. Ilisoma hadi maandishi ya mhuri.

Kijana wa bohari, ambaye hupokea kila kilichoandikwa kama kilivyoandikwa, akaniuliza ni nani mkuu wa idara ya bohari. Nikamwambia nafasi hiyo iko wazi tangu mwaka jana. Akaenda kuchukua fomu ya kuiomba, akarudi akicheka. Ni ukurasa mmoja.